Setilaiti, Kompyuta na Wajibu wa Mtumishi wa Umma



Mlinzi wa msitu hawezi kulinda asichokiona. Msitu wa Amazon nchini Brazil ni mkubwa mno, wala hakuna idadi ya askari inayoweza kuuzunguka wote kwa miguu. Kwa sababu hiyo, Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Anga ya nchi hiyo, INPE, ilianza mwaka 1988 kupima kila mwaka eneo linalofyekwa, ikitumia picha za setilaiti za Landsat. Mwaka 2004 uliongezwa mpango wa DETER, unaotoa tahadhari mapema ili wakaguzi wafike kabla uharibifu haujaenea.

Mwaka 2004 zilifyekwa kilomita za mraba 27,772. Mwaka 2012 zilifyekwa 4,571. Picha peke yake hazikuleta mafanikio hayo. Zilifuatiwa na faini, hifadhi mpya, na tangu mwaka 2008, masharti kwamba mkopo wa kilimo katika eneo la Amazon apewe yule tu anayeonyesha kuwa anatii sheria za mazingira.

Siku hizi kompyuta nayo imeingia kazini. Mpango wa MapBiomas, ulioanza mwaka 2015, huipa kompyuta mifano mingi ya misitu, malisho na mashamba. Kompyuta hujifunza alama za kila aina ya ardhi, kisha huainisha picha za nchi nzima, kila nukta ikiwa na upana wa mita 30. Walimu watalielewa jambo hili upesi: mwanafunzi aliyefundishwa kwa mifano mibaya hujibu vibaya, tena bila wasiwasi. Mashine yaweza kudhani shamba la mikaratusi ni msitu wa asili. Aidha, mawingu huficha ardhi, ingawa setilaiti za rada huona kupitia mawingu. Hivyo hapana budi majibu ya mashine yakaguliwe na watu wenye ujuzi.

Lakini hata kipimo sahihi huhitaji mtu wa kukisimamia. Mwaka 2019 Rais Jair Bolsonaro alizitilia shaka hadharani takwimu za INPE. Mkurugenzi wake, Ricardo Galvão, alizitetea, na mwezi wa Agosti akaondolewa kazini. Hesabu ya mwaka ilipokamilika, ilionekana kwamba ufyekaji ulikuwa umepanda kutoka kilomita za mraba 7,536 mwaka 2018 hadi 10,129. Mwaka 2021 ulifikia 13,038. Kumwondoa mpimaji hakukuurudisha msitu. Na kwa kuwa ramani zilikuwa wazi kwa umma, kila mtaalamu aliweza kuzikagua mwenyewe.

Basi, ndugu, vyombo vya kisasa havimpunguzii mtumishi wajibu wake. Ofisa anayepokea takwimu hana budi kuuliza zilipatikanaje, nani alizikagua, na hatua gani zitafuata. Mwalimu naye awazoeze vijana kuuliza hivyo hivyo. Takwimu zinazofichwa, au zinazopambwa ili zimpendeze mkubwa, haziwezi kuokoa hata mti mmoja.