Mtungi wa Misri na Mtungi wa Nyanya

(Mazungumzo na vijana baada ya Tarawehe)



Vijana wenzangu, na nyinyi mama zetu na baba zetu, najua futari imeshuka vizuri na usingizi unanyemelea, kwa hivyo sitawachosha. Nataka tuzungumze juu ya chungu. Ndiyo, chungu. Msicheke.

Mwaka 1894 na 1895, Mwingereza Flinders Petrie alichimba makaburi zaidi ya 2,000 mahali paitwapo Naqada, Misri. Mengi ni ya watu walioishi hata kabla ya Firauni wa kwanza, zaidi ya miaka 5,000 iliyopita. Hakukuta jina la maiti hata mmoja. Alikuta vyungu. Vingine vimechorwa kwa rangi nyekundu iliyoiva: mashua zenye makasia mengi, watu, ndege wa miguu mirefu. Vingine vilikuwa na vishikio, na kadiri vizazi vilivyopita vishikio vikawa vidogo, vidogo, mpaka ukabaki mstari tu wa kuchorwa. Kwa mabadiliko kama hayo Petrie akajua kaburi lipi limetangulia lipi. Leo mitungi ya namna hiyo iko ndani ya vioo katika makumbusho ya Cairo, London na New York. Nani aliyeifinyanga? Hakuna ajuaye.

Kijana ataniuliza: hayo ya makafiri yanatuhusu nini, tena mwezi mtukufu? Ndugu yangu, Qur'ani yenyewe inatuhimiza tutembee katika ardhi tuwatazame waliotutangulia. Na kama Misri ni mbali, basi tubaki hapa hapa Ukambani.

Kitui na Makueni, kufinyanga ni kazi ya kina mama. Gurudumu hawatumii, ni mikono tu, na vyungu huchomwa mahali pa wazi. Na mfinyanzi wa Kikamba huweka alama yake kwenye chungu, mistari au vitone, ijulikane ni kazi ya nani. Mwaka 1981 iliandikwa tasnifu nzima huko Marekani juu ya alama hizo! Sisi wenyewe tunazipita tu.

Nasema hivi kwa sababu nimekosa. Nyumbani tulikuwa na mtungi aliofinyanga nyanya yangu. Maji yake ya kufuturia yalikuwa baridi bila stima, kwa sababu mtungi hutoa jasho, na jasho likikauka linaondoka na joto. Akapita mnunuzi wa vitu vya kale, nikamuuzia kwa shilingi 200. Nyanya hakunigombeza. Aliniuliza tu, "Alama yangu uliiona?"

Akanichorea kwa kidole mchangani. Kalamu ilikuwa mfukoni, sikuandika. Sasa nyanya ametangulia mbele ya haki. Shangazi mmoja anasema ilikuwa mistari mitatu, mwingine anashikilia minne.