Kula Ugenini kwa Mwenye Mzio Mkali: Mpishi Aulizwe Nini?



Nimeombwa nizungumzie usalama wa mtu mwenye mzio mkali wa chakula anapokula mbali na kwao. Kwetu Mbesa, wilayani Tunduru mkoani Ruvuma, mada hii iko karibu kuliko inavyosikika. Wilaya yetu inalima korosho, karanga na ufuta, na vyote vitatu vimo katika orodha ya vyakula 14 ambavyo sheria ya Umoja wa Ulaya inataka vitajwe kwa mlaji. Vijana wetu wanavuka mto Ruvuma kwenda Msumbiji, wanaingia Malawi, wengine wanafika Muscat na Ujerumani. Tena wapo wageni wanaokuja hospitali ya misheni na kula kwetu. Kwao, ugenini ni hapa.

Hoja yangu ni moja. Swali la "humu mna karanga?" halimsaidii mwenye mzio. Mhudumu hataki mgeni aondoke na njaa, na mara nyingi hakuwepo jikoni, kwa hiyo atajibu, "Hamna kaka, we kula tu." Isitoshe, familia nyingi hapa zina miiko yao. Mtu akisema hali karanga, mpishi huchukulia kwamba ni mwiko wa ukoo au ni kuchaguachagua, mambo ambayo kijiko kimoja hakiwezi kumuua mtu. Aulizwe aliyepika, na aulizwe alipikaje.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, karibu."

"Kisamvu hiki umekiungaje?"

"Kwa nazi, baba. Na vitunguu. Na karanga kidogo tu, za kuleta ladha."

Mama huyo huyo angeulizwa kama kisamvu kina karanga, angeweza kusema hakina, tena kwa moyo mweupe, maana kwake kisamvu cha karanga ni kile kinachomiminiwa bakuli zima. Ukimwachia nafasi aeleze, "kidogo tu" inatoka yenyewe.

Swali la pili ni la vyombo. Jana kinu kilitwanga karanga, leo kimetwanga kisamvu cha nazi peke yake. Kinu ni mti, hunywa mafuta, na kukisuuza kwa maji baridi hakukitoi karanga. Halafu kuna upawa: sufuria tatu mezani, ya mboga, ya maharage na ya samaki, na upawa mmoja unaotembea katikati yake. Mashine ya kusaga nayo isisahaulike. Unga wa lishe wenye karanga na soya ukipita asubuhi, sembe ya mteja anayefuata inabeba mabaki. Kwa watu wengi hayo si kitu. Kwa mwenye mzio mkali yanatosha.

Nitasema jambo ambalo huenda wenye hoteli hawatalipenda. Mtu anayejua kuuliza, mara nyingi namwona salama zaidi kwa mama lishe kuliko kwenye hoteli yenye orodha ndefu ya vyakula. Mama lishe ameanza kupika alfajiri kwa mikono yake, na kila kilichoingia sufuriani anaweza kukitaja. Kule hotelini sosi imetoka kwenye chupa, kachumbari kaitengeneza mwingine, na aliyeitia nyama viungo ameshamaliza zamu. Ukiona majibu yanasitasita, agiza chakula kisicho na siri: yai la kuchemsha na ganda lake, ndizi ya kuchoma, samaki anayebanikwa mbele ya macho yako.

Sasa tuvuke mto. Nchini Msumbiji, hasa mkoani Niassa, Myao wa Mbesa atapata wenyeji wa kuzungumza nao Chiyao, na hapo ndipo anapojisahau. Matapa ya kule ni kisamvu kwa macho, ila karanga ni sehemu ya mapishi yenyewe, na mara nyingi kamba wamo pia. Kwa Kireno karanga ni *amendoim*, na sentensi ya kubeba ni *tenho alergia a amendoim*. Malawi mboga za majani hutiwa nsinjiro, yaani unga wa karanga. Kampala kuna mchuzi wa binyebwa, yaani karanga. Muscat jihadhari na tahini, ambayo ni ufuta uliosagwa, na pia halua zenye lozi na pistashio. Anayedhurika na korosho mara nyingi hudhurika na pistashio pia, kwani mimea hiyo ni ya jamii moja.

Ulaya sheria husaidia. Tangu tarehe 13 Desemba 2014 hata mkahawa unatakiwa utoe taarifa za vyakula hivyo 14, na Ujerumani utaviona kama herufi ndogo pembeni ya jina la chakula. Lakini sheria ina mianya yake. Mwaka 2016 Natasha Ednan-Laperouse, msichana wa Uingereza wa miaka 15, alikufa baada ya kula mkate uliochanganywa ufuta kwenye kinyunga, na lebo haikuutaja. Sheria iliyopewa jina lake ilianza kutumika tarehe 1 Oktoba 2021.

Likitokea la kutokea, midomo huvimba, mwili huota mabaka, mtu hutapika, sauti hukwama, pumzi hupiga mluzi, kizunguzungu kinafuata. Maduka ya Dawa Muhimu, mpango ulioanzia mkoani kwetu mwaka 2003, yanauza vidonge vya kutuliza mwasho. Vidonge hivyo haviokoi koo linaloziba. Dawa ni adrenalini. Wahudumu wenzangu, ni ile ampuli ya miligramu 1 kwa mililita 1: mtu mzima nusu mililita, mtoto miligramu 0.01 kwa kila kilo bila kuzidi 0.5, kwenye msuli wa paja upande wa nje. Hali isipobadilika, rudieni baada ya dakika 5. Mwenye kalamu yake ya sindano ya adrenalini aisafirishe kwenye mkoba wa mkononi pamoja na barua ya daktari, na asiiache ndani ya gari juani.

Kinachonitia hofu zaidi hapa kwetu ni bodaboda. Mgonjwa ambaye presha imeshuka anapakiwa wima katikati ya dereva na ndugu, ilhali kumwinua ghafla kunaweza kuusimamisha moyo. Alazwe chini miguu ikiwa juu, au aachwe ameketi kama anahangaika kupumua, achomwe sindano kwanza, ndipo litafutwe gari la kumlaza. Akipata nafuu abaki chini ya uangalizi kwa saa kadhaa, maana dalili zinaweza kurudi.

Kwa hiyo naomba kila mwakilishi wa zahanati aliyemo humu atujibu kabla ya chai: ampuli za adrenalini zipo, tarehe yake haijapita, na saa nne usiku ufunguo wa kabati anao nani?