Juhudi Isiyouliza

Twawaletea salamu kutoka Kimana, chini ya mlima Kilimanjaro.

Lugha yetu ina maneno mengi ya kumweleza mtu ambaye moyo wake unawaka. Akifanya kazi bila kuchoka, twasema ana bidii. Akikataa kushindwa, twasema ana ari. Biblia hutumia neno juhudi. Tena Yesu alipowafukuza wafanya biashara Hekaluni, wanafunzi wake walikumbuka Zaburi isemayo juu ya wivu: si husuda, bali upendo usiovumilia nyumba ya Mungu ichafuliwe. Lakini yako pia maneno mawili ambayo hakuna apendaye kuitwa kwayo, kiherehere na kimbelembele. Mwenye kiherehere hukimbilia jambo kabla hajaitwa. Mwenye kimbelembele hutaka aonekane wa kwanza. Na hatari ni hii, ya kwamba wote wawili hudhani wana juhudi.

Twasema haya kwa kuwa yametupata sisi wenyewe. Katika ukame wa mwaka 2022, ng'ombe walipokuwa wakifa kila upande wa Kajiado, tulipakia magunia ya mahindi na maharagwe katika lori, tukaenda kwenye boma lililo mbali na mito ya Kimana. Njiani tuliimba. Tulipofika tulihubiri, tukagawa, tukapiga picha. Tulijiona kama Musa aliyetumwa Misri. Ndipo mama mmoja mzee, akiwa ameshika fungu lake, akauliza kwa Kimaasai, na kijana mmoja akatufasiria: "Mwanangu, haya nitayapika kwa maji gani?"

Tulinyamaza. Mahindi makavu na maharagwe huchemshwa saa nyingi, na mtungi mmoja wa maji ulimgharimu mama yule nusu siku ya kutembea. Ilimbidi achague kunywa au kupika. Nasi hatukuwa tumemwuliza hata mtu mmoja.

Mtume Paulo, katika Warumi sura ya 10, awataja ndugu zake wenye juhudi kwa Mungu pasipo maarifa. Hakuwadharau. Aliijua hali hiyo, maana yeye naye zamani aliwafunga waamini huku akidhani anamtumikia Mungu. Petro vile vile alichomoa upanga ili amwokoe Bwana, akamkata Malko sikio.

Sasa mtazameni Mwokozi mwenyewe, katika Marko sura ya 10. Bartimayo alikuwa kipofu, na kila mtu aliiona shida yake. Hata hivyo Yesu alisimama, akaagiza aitwe, akamwuliza anataka afanyiwe nini. Ikiwa Mwokozi aliuliza, sisi tulio watumwa wake twapata wapi haki ya kutouliza?

Mlima huu tuutazamao kila asubuhi, Johannes Rebmann, mmisionari wa C.M.S., aliuona mwaka 1848, akapeleka habari zake Ulaya. Mwenzake, Ludwig Krapf, alikuwa na ndoto ya kujenga mlolongo wa misheni kuvuka Afrika yote. Hatuicheki ndoto ile, kwa maana iliwasha mioyo ya wengi. Lakini Krapf aliondoka mwaka 1853, hali Rebmann alikaa Rabai na pwani yetu karibu miaka 30, akisikiliza lugha za watu na kuandika maneno yao moja moja, mpaka mwaka 1875 alipoondoka akiwa kipofu. Huo nao ni moto, ndugu zangu, ingawa hauna moshi mwingi.

Juma lililofuata tulirudi kwa yule mama na mapipa ya maji. Safari hii hatukuchukua kipaza sauti. Tuliketi kwanza, tukasikiliza, ndipo tukaomba pamoja.

Mpendwa, yuko mtu ambaye wiki hii umekusudia kumsaidia. Huenda ni jirani, huenda ni mwanao mwenyewe. Usiuzime moto wako, kwa maana Bwana hapendi walio vuguvugu. Ila kabla hujanyosha mkono, mwulize swali la Bwana, kisha ungoje jibu. Mwokozi tunaye tayari. Sisi tumeitwa tuwe watumishi.

Tuombe. Ee Bwana, utuwashe, na utufundishe kusikia. Utusamehe tulipojitwalia nafasi yako. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.