Mkaguzi wa Ndani na Mshahara Wetu



Tukidai nyongeza twaambiwa chama hakina fedha. Nani amehakikisha? Mwaka 1997 sheria ya vyama vya ushirika ilibadilishwa, usimamizi wa Serikali ukapunguzwa sana, na vyama vingi vya kahawa, hata hapa Nyeri, viliingia katika madeni na magomvi. Sheria ilikazwa tena 2004.

Mkaguzi wa nje huja mwisho wa mwaka, magunia yamekwisha kwenda. Wa ndani aweza kulinganisha mizani, risiti na kitabu cha stoo kila wiki, upungufu ungali mdogo. Lakini akimpa meneja peke yake taarifa, ni kazi bure! Aipeleke kwa halmashauri. Mkutano ujao tuulize: taarifa hiyo iko wapi?