Homoni ya Ukuaji na Afya ya Moyo



Homoni ya ukuaji hutengenezwa na tezi ndogo iliyo chini ya ubongo. Mtu mzima anayepungukiwa nayo huweza kurundika mafuta tumboni, na kuta za mishipa yake ya damu zikaanza kuwa nene, dalili ya awali ya maradhi ya moyo. Mtu huyo, akishapimwa, huweza kuandikiwa na daktari sindano za homoni hiyo kwa kiasi maalumu.

Hata hivyo, ikizidi hudhuru: msuli wa moyo hunenepa, shinikizo la damu hupanda na sukari katika damu huongezeka. Kwa hiyo tunawasihi wanaouziwa sindano hizi katika kumbi za mazoezi ili watunishe misuli wakumbuke kwamba moyo nao ni msuli.

Hii ni dawa ya cheti. Msiinunue mikononi mwa watu. Aliyekwisha kuitumia, akiona pete inambana, miguu inavimba au pumzi inamwishia apandapo ngazi, aende hospitali mapema na, bila kuona haya, amweleze daktari alichojidunga.