Chui Mwenye Mabawa: Habari za Nembo ya Tatarstan na Wilaya Zake

Jioni hii nataka kusema nanyi habari za nembo moja, na za nchi ambayo nembo hiyo ni yake.

Nembo ya nchi ni alama ipigwayo katika muhuri wa serikali, ikatundikwa juu ya milango ya mabaraza na shule, ili kila aionaye ajue ni amri ya nani inayofuatwa hapo. Watu wengi huitazama kila siku wala hawaulizi maana yake. Walakini nembo ni namna ya ahadi: yaonyesha jinsi watu wa nchi ile wanavyotaka kuwa. Na wilaya za nchi ndizo mahali pa kuipima ahadi hiyo, kwa kuwa wilayani ndiko kwenye shule, na barabara, na zahanati, na baraza la wenyeji. Basi afadhali tuvisome vyote viwili pamoja.

Nchi niliyoichagua ni Tatarstan. Si dola ya peke yake. Ni jamhuri iliyo ndani ya Shirikisho la Urusi. Iko mashariki ya Moscow, mwendo wa kilometa 800 hivi kwa barabara, hapo mto Kama unapoingia katika mto mkubwa wa Volga. Ukubwa wake ni kilometa za mraba 68,000 hivi, na watu wake wapata milioni 4. Zaidi kidogo ya nusu yao ni Watatari, ambao wengi ni Waislamu; Warusi, ambao wengi ni Wakristo, wapata watu wawili katika kila watano; waliosalia ni Wachuvashi na makabila mengine. Mji mkuu ni Kazan.

Zamani nchi hii ilikuwa ya Wabulgari wa Volga. Mwaka 922 ujumbe wa Khalifa wa Baghdad ulifika kwa mfalme wao, na katika ujumbe ule alikuwamo Ibn Fadlan, aliyeandika habari za safari hiyo. Tangu wakati huo Uislamu ukawa dini ya watu wale. Karne ya 13 Wamongoli waliivunja dola ya Wabulgari. Baadaye ukatokea ufalme wa Kazan. Na mwaka 1552 Tsar Ivan wa Nne akauteka mji ule, nchi ikawa chini ya Warusi.

Angalieni sasa jinsi nembo zilivyobadilika pamoja na watawala. Serikali ya Matsar iliufanya mji wa Kazan uwe na nembo ya joka mwenye taji, aitwaye Zilant katika hadithi za wenyeji, na mji wa Kazan unaye hata leo. Mwaka 1920 serikali ya Kisovieti iliunda jamhuri ya Watatari ndani ya Urusi. Katika miaka iliyofuata nembo yake ilikuwa nyundo na mundu na masuke ya ngano, sawasawa na nembo ya Urusi yenyewe, ila jina la jamhuri na maneno ya Kitatari yaliongezwa. Mtu asiyejua kusoma asingeweza kuzitenga nembo hizo mbili.

Mwaka 1990, siku ya tarehe 30 Agosti, Baraza la Tatarstan lilitangaza kwamba jamhuri ina mamlaka yake yenyewe. Dola ya Kisovieti ikavunjika mwaka uliofuata, na tarehe 7 Februari 1992 nembo mpya ikakubaliwa. Wazo lake lilikuwa la Nazim Khanzafarov, na mchoro ulifanywa na Rif Fakhrutdinov.

Nembo hiyo ni ya mviringo. Katikati yuko chui mweupe mwenye mabawa, anakwenda, na mguu wake wa mbele wa kuume ameuinua. Nyuma yake liko jua jekundu. Ubavuni ana ngao ndogo ya duara yenye ua la petali nane. Pembeni pamezungushwa mapambo ya Kitatari, na chini limeandikwa neno moja tu, Tatarstan. Rangi kubwa ni zile za bendera yao: kijani, nyeupe na nyekundu.

Kila kitu kina maana yake. Yasemwa kwamba katika imani za kale chui huyu alikuwa mlinzi wa watoto na mleta rutuba. Mguu ulioinuliwa ni ukuu wa mamlaka. Makucha na meno ni nguvu ya kujilinda. Ngao ni ulinzi wa sheria. Ua ni uhai usiokoma na maisha marefu. Mabawa yenye manyoya saba yaonyesha kwamba ulinzi wake wafika mbinguni na duniani. Hata mkia una habari: jinsi ulivyokaa ni dalili ya moyo mwema kwa jirani.

Jambo moja la ajabu ni kwamba mnyama huyu hakai Tatarstan. Chui wa theluji hukaa katika milima mirefu ya Asia, na Tatarstan ni nchi ya tambarare na mito. Hakuchaguliwa kwa kuwa wawindaji humwona, bali kwa kuwa ni wa kumbukumbu, wa zamani kuliko Tsar na kuliko nyundo na mundu.

Na lile neno moja la chini, nalo si dogo. Watatari waliandika lugha yao kwa herufi za Kiarabu kwa karne nyingi, kama Waswahili wa pwani yetu walivyoandika barua na tenzi zao. Mwaka 1927 wakapewa herufi za Kilatini. Mwaka 1939 wakageuziwa tena, wakapewa herufi za Kirusi. Kwa hiyo mtu aliyezaliwa mwanzoni mwa karne ya 20 aliweza kujifunza kusoma mara tatu katika lugha ile ile ya mama yake, na vitabu vya babu yake vikawa vimefungwa mbele ya mjukuu. Mwaka 1999 jamhuri ilitunga sheria ya kurudisha herufi za Kilatini, lakini mwaka 2002 sheria ya Urusi iliamuru kwamba lugha za jamhuri zote ziandikwe kwa herufi za Kirusi, na mwaka 2004 Mahakama ya Katiba ikaithibitisha. Neno lililo katika nembo limeandikwa kwa herufi hizo. Mtatari na Mrusi hulisoma sawasawa.

Sasa tutoke katika nembo, tuingie wilayani. Hapo kwanza, tangu mwaka 1920 hata 1930, nchi iligawanywa katika sehemu zilizoitwa kantoni. Baadaye zikaja wilaya. Leo wilaya ni 43, na zaidi ya hizo iko miji miwili iliyo na utawala wake mbali na wilaya: Kazan wenyewe, wenye watu zaidi ya milioni moja na laki tatu, na Naberezhnye Chelny wenye watu zaidi ya laki tano, ulio kando ya mto Kama. Katika mji huo wa pili hutengenezwa malori ya KamAZ. Gari la kwanza lilitoka mwaka 1976. Mji huo ulipewa jina la Brezhnev mwaka 1982, ukarudishiwa jina lake mwaka 1988, maana hata majina ya miji hufuata upepo wa wakubwa.

Upande wa kusini mashariki iko wilaya ya Almetyevsk. Mwaka 1948 yaligunduliwa huko mafuta mengi ya ardhini, na mahali palipokuwa na kijiji pakasimama mji. Bomba kubwa liitwalo Druzhba, yaani Urafiki, lilianzia hapo kupeleka mafuta Ulaya. Basi ngao ya chui ikiwa ni ulinzi wa mali, hapo ndipo ilipo mali yenyewe.

Wilaya ya Spassky iko kando ya Volga, na ndani yake yamo magofu ya Bolgar, mji wa Wabulgari wa kale, yenye misikiti na makaburi ya mawe. Wilaya ya Zelenodolsk, iliyo karibu na Kazan, ina kisiwa cha Sviyazhsk. Hapo watu wa Tsar Ivan walijenga ngome ya mbao mwaka 1551, ili waishambulie Kazan kutoka karibu. Na humo limo kanisa kuu la kale. Mahali pa kwanza ni pa fahari ya Watatari; mahali pa pili ni palipotoka jeshi lililowashinda. Hata hivyo jamhuri imepatunza pote pawili, na UNESCO ikapaandika katika urithi wa dunia, Bolgar mwaka 2014, na kanisa la Sviyazhsk mwaka 2017. Nadhani hapo ule mkia wa chui umesema kweli.

Lakini ziko sehemu za ahadi zilizopungua. Mwezi wa Machi 1992 watu waliulizwa kwa kura kama Tatarstan iwe nchi yenye mamlaka yake, na zaidi ya watu 61 katika kila 100 waliopiga kura wakakubali. Mwaka 1994 mkataba ukatiwa sahihi na Moscow kugawanya madaraka. Ukafanywa upya mwaka 2007 kwa miaka kumi. Mwaka 2017 ukaisha, wala haukufanywa mwingine. Mwaka huo huo Kitatari, kilichokuwa somo la lazima kwa watoto wote wa jamhuri, kikawa somo la hiari, kwa saa zisizozidi mbili katika juma, tena kwa idhini ya wazazi. Kisha sheria ya Urusi ya mwaka 2021 ikakataza wakuu wa jamhuri kuitwa Prezident, na tangu mwaka 2023 mkuu wa Tatarstan anaitwa Rais. Sisi tunaosema Kiswahili twaweza kutabasamu, kwa kuwa kwetu maneno hayo mawili ni cheo kimoja. Neno lile lile la Kiarabu lililotufikia kwa bahari liliwafikia wao kwa nchi kavu. Lakini kwao badiliko hilo halikuwa mzaha.

Katika mambo hayo yote nembo haikubadilika. Chui angali ameinua mguu. Mtu akiitazama nembo peke yake atadhani mamlaka ni yale yale ya mwaka 1992. Akizitazama wilaya peke yake ataona mafuta, malori na magofu, wala hatajua watu wale waliahidiana nini. Akivisoma vyote viwili, ndipo atakapoona pa kuuliza: katika shule ya kijiji, mwalimu apewapo saa mbili tu katika juma, je, mtoto ataweza kuisoma barua ya bibi yake? Na wale Watatari zaidi ya nusu wa Urusi wakaao nje ya mipaka ya jamhuri yao, wengine kwa kuwa mipaka iliyokatwa mwaka 1920 iliwaacha nje, ni shule gani itakayowafundisha?

Chui yule yasemwa alikuwa mlinzi wa watoto kabla hajawa mlinzi wa serikali. Kwa hiyo sidhani kwamba ni kosa kumpima kwa watoto.

Walimu mnaonisikiliza, somo hili laweza kufanywa darasani kwa nembo yo yote. Chora nembo ubaoni, waulize wanafunzi kila alama yaahidi nini. Kisha tundika ramani ya wilaya kando yake, na kwa kila alama watafute wilaya ambamo ahadi hiyo yaonekana, na wilaya ambamo bado haijafika. Wapeni muda wa kubishana, maana somo lenyewe limo katika mabishano hayo.