Maji Nayo Yapimwe
(Hotuba ya Katibu katika Mkutano Mkuu wa kutimiza miaka 10 ya Chama Kikuu)



Katika furaha ya leo hapana budi tukumbuke asili ya ushirika wa Usukumani. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 wazee wetu waliona pamba yao ikipunjwa katika mizani ya wanunuzi. Hawakuishia kunung'unika, bali walisimama penye mizani wakahakikisha uzito wenyewe. Na mwaka 1955 vyama vyao viliungana kuwa Shirikisho la Vyama vya Ushirika la Victoria.

Leo twaomba uangalifu ule uhamie kwenye mtungi. Madini ya risasi yakiwa majini hayaonekani, wala hayana harufu. Kuchemsha hakuyaondoi: maji hupungua kwa mvuke, risasi hubaki. Hutoka katika mabomba ya zamani, maungio ya lehemu na koki. Mara nyingine hutoka katika mawe. Mwaka 2010 huko Zamfara, Nigeria, mamia ya watoto walikufa baada ya mawe ya dhahabu yenye risasi kusagwa vijijini mwao. Hatusemi kwamba mawe ya Geita au Kahama ni kama yale; twasema tusikisie. Risasi huharibu akili ya mtoto polepole, nasi tukamwita mvivu.

Kupima si kazi ngumu. Alfajiri, kabla koki haijafunguliwa, chupa safi ya kwanza ijazwe. Maji yakiisha kutiririka dakika chache, ijazwe ya pili. Ikiwa ya kwanza tu ina risasi nyingi, kosa ni la bomba au koki. Zikiwa nazo zote mbili, chanzo chenyewe kichunguzwe. Chupa ziandikwe mahali, tarehe na saa, zipelekwe maabara. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha mikrogramu 10 kwa lita 1.

Kwa hiyo twaomba sehemu ya ziada ya mwaka huu ilipie upimaji, na kila chama cha msingi kichague watu 2, mmoja wao awe mama, maana ndiye achotaye. Wapo watakaosema fedha hiyo ingenunua dawa ya pamba. Ni kweli, ingenunua. Lakini pamba twamlimia nani, kama si mtoto huyo? Majibu yabandikwe ghalani, mazuri na mabaya, kama bei ibandikwavyo.

Wazee hawakukubali kutajiwa tu uzito wa pamba yao. Nasi tusikubali kutajiwa tu usafi wa maji yetu.